Nyimbo Saba Zijulikanazo kwa Herufi Moja

Wimbo wa kale wa Kijapani aghalabu hauna anwani. Mtunzi hakuupa, wala mkusanyaji hakuuongezea. Anayetaka kuutaja hutaja maneno yake ya mwanzo, kama tufanyavyo sisi kwa nyimbo nyingi tulizozikuta vinywani mwa wazee, ambazo jina lake ni lile tamko la kwanza na hapana jengine. Kwa hiyo akiuliza mtu ni nyimbo gani za Japani zianzazo kwa herufi fulani, swali ambalo kwengineko lingekuwa la karani wa maktaba, huko linaingia moja kwa moja katika ushairi. Nakusudia kulichukua swali hilo kama lilivyo na kulipima juu ya diwani moja tu, ile iitwayo Ogura Hyakunin Isshu, yaani washairi mia kwa wimbo mmoja mmoja. Nitauliza pia jambo linalonikera: watu waliozoea kuutambua wimbo kwa herufi yake ya kwanza, je, bado wanausikia wimbo?

Diwani hiyo ilikusanywa na Fujiwara no Teika, mshairi na mhakiki aliyeishi baina ya 1162 na 1241, na inakisiwa kuwa ilikamilika kiasi cha mwaka 1235. Alichagua nyimbo mia kutoka katika diwani zilizokuwa zimekusanywa kwa amri ya wafalme, akazipanga takriban kwa kufuata nyakati za watunzi wake, kuanzia Mfalme Tenji wa karne ya saba. Wanaume ni 79 na wanawake ni 21. Katika mpango huo herufi hazikuhesabiwa kuwa kitu. Hapo ndipo anapotofautiana na washairi wetu wa pwani ya kaskazini waliotunga beti kwa kufuata alifu, be na te mpaka mwisho wa abjadi; kwao herufi ni ahadi aliyojifunga nayo mtunzi kabla hajashika kalamu. Katika diwani ya Teika herufi zimeletwa na wasikilizaji, karne kadhaa baadaye, nyimbo zikiwa zimekwisha kuwa mali ya kila nyumba.

Na tukisema herufi, tuelewane. Herufi za Kijapani ziitwazo kana si kama b au k zetu. Kila moja ni silabi nzima: ka, mu, se. Wimbo wa aina hii una mizani 31 katika mishororo mitano, yaani tano, saba, tano, saba na saba, wala hauna vina. Mshairi wa Kiswahili hahitaji mwalimu wa kumfundisha kuuhesabu. Hata ile n isimamayo pekee mwishoni mwa silabi wao huihesabu mizani kamili, sawasawa na sisi tuihesabuvyo m katika mtu. Tofauti ni kwamba hakuna neno lao la asili lianzalo kwa n hiyo, basi hakuna wimbo wa kale utakaoukuta hapo. Haimo pia katika wimbo uitwao Iroha, ambao umeshuhudiwa katika kitabu cha mwaka 1079, na ambao umezitumia herufi 47 kila moja mara moja tu, pasi na kurudia wala kusahau, na juu ya hayo ukasema jambo la maana kuhusu kupita kwa uzuri wa dunia. Kwa karne nyingi kamusi za Japani zilipangwa kwa kuufuata wimbo huo. Ni taifa gani jengine ambalo karani alilazimika kulikariri shairi ndipo aweze kutafuta neno?

Ama jinsi herufi ilivyokuja kuutawala wimbo, hiyo ni habari ya karata. Wareno walipofika Japani katika karne ya 16 walikwenda na karata zao, na Wajapani wakaziita karuta. Mabaharia wa taifa hilohilo walipita kwetu, nasi tukasema karata. Sisi tukabakia na kopa, shupaza, uru na pau. Wao waliuchukua mchezo huo mgeni wakauozesha na mchezo wao wa zamani wa kutafuta kombe mbili za pwani zilizo pacha, na mahali pa picha wakaandika mashairi. Nakiri kuwa naona wivu.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Kuna karata mia za kuokotwa, na kila moja imeandikwa mizani 14 ya mwisho tu ya wimbo wake. Wachezaji wawili hukaa wakielekeana juu ya mkeka, wakatandaza karata 50, kila mmoja 25 upande wake, na hupewa dakika 15 za kukariri kila karata ilipo. Hamsini zilizosalia huwekwa kando, lakini nyimbo zake husomwa vilevile, ili kumnasa mwenye papara. Msomaji hughani wimbo tangu mwanzo, na mshindi ni yule atangulizaye mkono juu ya karata yenye mwisho wa wimbo ule. Kanuni za mashindano zilisanifiwa mwaka 1904 na Kuroiwa Ruikō, mwandishi wa magazeti. Kila Januari mabingwa hukutana katika hekalu la Omi mjini Otsu, lililojengwa kwa heshima ya Mfalme Tenji yuleyule anayeifungua diwani.

Basi hakuna mchezaji hodari anayengoja mizani zote 31. Hungoja ile herufi inayoutenga wimbo na wenziwe wote, nayo ina jina lake, kimariji, yaani herufi ya kuamulia. Nyimbo 42 huamuliwa kwa herufi mbili, nyimbo 37 kwa tatu, sita kwa nne, mbili kwa tano, na sita kwa herufi sita. Zinabakia saba. Hizo saba hutambulikana kwa herufi moja, kwa sababu hapana wimbo mwengine katika ile mia unaoanza kama zilivyoanza. Wanafunzi huzikariri kwa mkupuo mmoja, mu-su-me-fu-sa-ho-se, mithili ya azima, na mwanzoni mwake husikika binti, maana musume ni binti.

Tuzitazame hizo saba, maana ndizo zilizopata hasara kubwa zaidi kwa umaarufu wao.

Wa mu ni wa mtawa Jakuren: manyunyu ya mvua yamepita, matone hayajakauka juu ya majani ya miti, na ukungu umeanza kupanda. Wa sa ni wa mtawa mwengine, Ryōzen: upweke umemtoa kibandani, akasimama nje akatazama, akaona kila upande ni uleule. Hizi mbili zina jambo ambalo mchezo hauwezi kumwonesha mtu. Mshororo wa mwisho wa Jakuren na wa Ryōzen ni mmoja, neno kwa neno, nao unataja jioni ya majira ya majani kupukutika. Watawa wawili waliopishana kwa takriban karne nzima wamefika mlango mmoja. Mmoja amefika kwa kutazama jani lenye maji, mwengine kwa kutoka nyumbani bila ya kujua anakwenda wapi. Uhusiano huu wa mikia ndio ushairi, na Teika bila shaka aliusikia. Lakini mchezaji amefundishwa kuwa nyimbo hizi hazina udugu wowote. Kwake moja ni mu na moja ni sa, na baina ya mu na sa hapana wasiwasi, kwa hiyo hapana haja ya kuendelea kusikiliza.

Wa su, wa Fujiwara no Toshiyuki, unaanza na mawimbi yanayoikaribia pwani, na neno la kukaribia kwa Kijapani lasikika sawa na neno la usiku, yoru. Kwa neno hilo moja bahari inageuka kitanda, na mtunzi analalamika kuwa mpenzi wake anaogopa macho ya watu hata katika njia za ndotoni. Wa fu, wa Fun'ya no Yasuhide, ni mzaha wa mwandishi: upepo wa mlimani unayanyausha majani, ndiyo maana ukaitwa dhoruba, kwani ukiliandika neno mlima kwa herufi ya Kichina ukaweka na upepo chini yake, umeandika dhoruba. Sioni makubwa katika wimbo huu. Ni wa kutabasamu na kupita. Wa ho ni wa Fujiwara no Sanesada, aliyeusikia mlio wa kekeo akageuka kutazama ulikotoka, na alichokiona ni mwezi wa alfajiri peke yake. Wa se nitaurudia.

Wa me ni wa Murasaki Shikibu, yule bibi aliyeandika Hadithi ya Genji. Anasema wamekutana, na kabla hajatambua kama kweli ni yeye, yule mtu ametoweka kama mwezi wa usiku wa manane ulioingia mawinguni. Katika diwani ya kifalme ulimochukuliwa umetanguliwa na maelezo kuwa mtu mwenyewe alikuwa rafiki wa utotoni, waliyeonana kwa muda mfupi baada ya miaka mingi. Sasa tazama kinachoufika mkekani. Msomaji anafungua kinywa, anatamka me, na mikono miwili inaruka. Wimbo unaoomboleza mtu aliyeondoka kabla hajatambuliwa ni mmoja wa nyimbo saba zinazotambuliwa upesi kuliko zote. Sijui kejeli iliyo kubwa kuliko hii katika historia ya kusoma mashairi. Na neno lenyewe lililokatwa shingo lilikuwa na siri: lina maana ya kuzunguka na kukutana, na mwezi nao huzunguka, kwa hiyo mwezi umo tayari katika tamko la kwanza, ukingoja mshororo wa mwisho uje kuufichua. Anayechukua me akaacha mengine amechukua ganda la siri hiyo.

Mtu aweza kunijibu kuwa bila ya mchezo nyimbo hizi zingekuwa za maprofesa. Jibu hilo ni la haki, na silipuuzi. Watoto wa shule wanaoziimba leo, na vijana walioingia katika mashindano baada ya kuisoma hadithi ya picha ya Suetsugu Yuki iliyochapishwa kuanzia 2007 hadi 2022, wameziweka hai kwa namna ambayo hapana tahakiki ingeweza. Lakini kuwa hai kichwani na kuwa hai sikioni ni mambo mawili. Nimewahi kuwaona watu wetu wakiujua mwanzo wa kila utenzi na wasiweze kukueleza ubeti wa kumi unasemaje, na sikuwahi kuuita huo uhai.

Hata hivyo, kanuni za mchezo zina rehema ambayo pengine wachezaji wenyewe hawaizingatii. Karata ikishanyakuliwa, msomaji hauachi wimbo ukining'inia. Humalizia sehemu ya juu, na watu wakishatulia hughani mizani 14 za mwisho, akanyamaza kidogo, kisha ndipo huanza wimbo unaofuata. Kila wimbo kwa hivyo huingia ukipandia mwisho wa wimbo uliopita. Na ili wimbo wa kwanza nao uwe na pa kupandia, hutangulizwa wimbo wa nje kabisa, usiomo katika ile mia. Kwa hiyo yule rafiki wa Murasaki huingia mawinguni hata hivyo, mbele ya watu wawili waliokwisha kuinama kusubiri herufi nyengine. Nyimbo zasomwa kamili. Kinachokosekana ni sikio lililotulia.

Tena herufi zenyewe si mawe. Nyimbo zianzazo kwa tsu ni mbili. Mmoja ukishasomwa, uliobakia unaanza kuamuliwa kwa herufi moja, umeingia katika kundi la wale saba. Kila wimbo unaoghaniwa unawafupisha ndugu zake. Mchezaji hana budi kukumbuka kilichokwisha kusemwa ili ajue uzito wa kinachosemwa sasa, na hiyo, kwa hakika, si mbali na kazi ya msomaji wa mashairi.

Kuna na fumbo la a. Hii ndiyo herufi yenye nyimbo nyingi kupita zote. Ukizihesabu kwa jicho, kama zilivyoandikwa kwa tahajia ya zamani, utapata 17. Ukizihesabu kwa sikio, utapata 16. Wimbo mmoja, wa Fujiwara no Asatada, unaanza kwa neno la kuonana, ambalo kwa maandishi ya zamani ni a ikifuatwa na fu, na katika mashindano hughaniwa kwa o ndefu. Jicho laupeleka kwa a, sikio laupeleka kwa o. Asatada anasema kwamba lau kuonana kusingekuwapo kabisa duniani, asingekuwa na kinyongo na mtu wala na nafsi yake. Wapangaji wa mashindano wamelifuata sikio, nami naona wamefanya sawa. Wimbo ni wa kuimbwa.

Na ukivuka bahari, herufi hupotea kabisa. Mwaka 1961 Sakamoto Kyū aliimba wimbo wa maneno ya Ei Rokusuke na muziki wa Nakamura Hachidai, ambao anwani yake yaweza kufasiriwa kuwa Tutembee Tukiangalia Juu. Kwa Kijapani unaanza na u. Ulipotolewa Uingereza na Marekani mwaka 1963 ukaitwa Sukiyaki, ambalo ni jina la chakula cha nyama, na kwa jina hilo ukashika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu mwezi wa Juni. Wimbo wa mtu anayezuia machozi, ukautafute katika s pamoja na mapishi.

Lakini tusiwacheke wauza sahani za muziki, maana mfasiri wa Kiswahili naye atakwama mlangoni. Kiswahili hupenda kuanza na mtendaji: ni, tu, wa, a. Ukiufasiri wimbo wa Murasaki, kalamu itakimbilia kuandika tumekutana, na kwa silabi hiyo moja umeshawafunga wawili pamoja. Kijapani hakikusema nani. Kimesema kuzunguka na kukutana, basi, na msomaji akaachwa gizani kama mtunzi mwenyewe alivyoachwa. Ukiipanga diwani nzima kwa herufi baada ya kuifasiri hivi, utakuta nyimbo zimejazana katika n na t na w, na mia nzima imegeuka kuwa mazungumzo ya mimi na sisi na wao. Kwao nyingi zinafunguliwa na majira, au mahali, au upepo, mtu akaja baadaye, au asije. Kwa ajili hii ningependelea mfasiri aanze na nomino hata kama Kiswahili chake kitalemaa kidogo: Kukutana huku. Na majira yale ya majani kupukutika asiyaite vuli, maana vuli yetu ina mvua na mbegu ardhini.

Zimebakia nyimbo mbili za wa, ambazo msomaji wa visiwani hatokubali nizikwepe. Ni katika zile sita za mwisho, zinazoamuliwa kwa herufi ya sita. Zote mbili zinaanza kwa mizani tano zilezile, zenye maana ya uwanda wa bahari, na mpaka mizani hizo ziishe hapana mchezaji awezaye kuinua mkono kwa yakini. Bingwa na mwanagenzi wanangoja sawasawa, wakitazama maji.

Herufi ya sita ikiwa ya, wimbo ni wa Ono no Takamura, aliyehukumiwa kwenda uhamishoni visiwa vya Oki mwaka 838 baada ya kukataa kusafiri na ujumbe wa mfalme uliokuwa ukienda China. Anaviomba vyombo vya wavuvi viwaambie watu kuwa amekwisha kung'oa nanga kuelekea visiwa vingi. Ikiwa ko, wimbo ni wa Fujiwara no Tadamichi, ofisa mkubwa wa makao ya mfalme, aliyeutunga kwa mada ya kutazama bahari kwa mbali: amepiga makasia akatoka, na mawimbi meupe ya bahari kuu hayatofautiki na mawingu. Mfungwa na mkubwa wa serikali, chombo kimoja, maji mamoja, na kinachowatenga ni silabi.

Aliyempa Tadamichi mada ile alikuwa Mfalme Sutoku. Mwaka 1156, katika vita vya Hōgen, Tadamichi alikuwa upande wa pili, na Sutoku alishindwa akapelekwa Sanuki ng'ambo ya bahari. Huyu Sutoku ndiye mwenye wimbo wa se, ule nilioahidi kuurudia. Aliutunga kabla ya vita. Unasema maji ya kasi yakipasuliwa na jabali, mkondo huu huku na mkondo ule kule, mwishowe yatakutana. Takamura alisamehewa, akarudi mwaka 840. Sutoku hakurudi. Alifia huko mwaka 1164, na mwaka huohuo akafa Tadamichi katika mji mkuu. Mkekani, msomaji akitamka se, karata ya maji yanayokutana hupigwa kwa nguvu ikaruka hadi ukutani.